Mwaka wa "Jina Halipo"

Athumani alifariki mwezi wa Shaabani, nami habari nilizipata siku ya nne, matanga yamekwisha na turubai limeshakunjwa. Aliyeniandikia ni kijana wa pale Kivinje ambaye hakujua kama mimi na marehemu tuliwahi kufanya kazi pamoja. Yeye kila habari huwatumia watu wote. "Yule fundi redio wa karibu na soko ametangulia mbele ya haki," aliandika. Nikasema innalillahi, nikailaza simu kifudifudi, halafu nikashikwa na hasira. Fundi redio. Mtu wa kwanza niliyemwona, katika Lindi yote niliyoijua, akiiagiza kompyuta kazi ambayo yeye mwenyewe hakufundishwa na mtu, amezikwa kwa jina la fundi redio. Hasira yenyewe haikuwa haki yangu. Aliyemfanya awe fundi redio namjua vizuri, na kila asubuhi naonana naye kwenye kioo.

Mwaka ninaoukumbuka ni wa enzi za ruksa, wakati kila kitu kilichokuwa marufuku kimeruhusiwa na kila kilichokuwa cha wote kinatafutiwa mwenyewe. Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, katika nyumba kuukuu ya mtaa unaoteremka bandarini. Chini yetu palikuwa na duka la mitumba, na asubuhi wakifungua robota, harufu ya dawa ya nguo ilipanda ngazi ikatukuta mezani. Chumba chetu kilikuwa na madirisha mawili, moja halifunguki kwa sababu bawaba zililiwa na chumvi. Kompyuta ilikuwa moja tu. Niliishonea kitambaa cha kuifunika, cheupe chenye maua pembeni, na nilikifua kila Jumamosi. Mratibu wa mradi, ambaye sote tulimwita hivyo hivyo, Mratibu, alikaa upande wa pili wa ukuta wa mbao nyembamba, na kwa hiyo hapakuwa na siri katika ofisi ile. Akipiga simu tulisikia. Akicheka peke yake tulisikia pia.

Kazi yetu nieleze kwa kifupi. Miaka ya sabini watu wa vijiji vya nyuma ya Lindi, Rutamba na kwingineko, walihamishwa wakakae pamoja, wakaiacha mikorosho yao porini. Sasa alikuwa amepatikana mwekezaji aliyeyataka mapori yale. Kamati ikaundwa kusikiliza wazee: nani alilima wapi, nani alipakana na nani. Maelezo yao yaliandikwa kwa mkono, yakaletwa kwangu niyachape, na karatasi za mkono zikapelekwa Dar es Salaam. Utaratibu ulikuwa kwamba mtu yeyote ambaye jina lake limetajwa na shahidi, shamba lake litakatwa lisiingie kwenye ramani ya mwekezaji. Asiyetajwa, basi tena. Maelezo yaliyochapwa yalijaza majalada matano manene ndani ya kompyuta, na kuyasoma yote kwa ajili ya kila mwananchi anayekuja kuuliza ilikuwa kazi ya kumwua mtu.

Mimi nilikuwa mchapaji wa taipureta tangu nilipomaliza mafunzo, na nilikuwa najivuna. Mwalimu wetu wa uchapaji alikuwa akitembea nyuma ya migongo yetu na rula, na kitu alichokichukia kuliko vyote ni ukingo wa kulia unaopindapinda. Kengele ikilia, unamaliza neno, mkono wa kushoto unasukuma mtambo, mstari mpya. Nilifanya hivyo miaka hata mkono ukawa hauningoji nifikiri. Nilipopewa kompyuta kengele haikuwepo, lakini pembeni mwa skrini palikuwa na tarakimu inayoonyesha umefika wapi, nami ikifika panapotakiwa nabonyeza enta, kitufe cha kuanza mstari mpya. Hakuna aliyeniambia kwamba mashine ile inateremsha mstari yenyewe. Kurasa zangu chache zilizopitishwa kwenye printa zilitoka zimenyooka, Mratibu akawaonyesha wageni.

Athumani alikuja baada ya mvua za masika, ametoka kusomea kompyuta Dar es Salaam, mtu wa Kivinje, mwembamba, mpole, amemuoa Zuhura miezi michache kabla. Yeye taipureta hakuwahi kuigusa. Alisema ile kelele yake inamkumbusha cherehani ya shangazi yake. Kwa kuwa mashine ilikuwa moja tulipeana zamu: asubuhi nachapa mimi, mchana baada ya chakula anakaa yeye. Sikumbuki hata siku moja aliposimama kuniangalia nikichapa. Chakula tulikula pamoja, wali na maharage ya mama ntilie wa chini ya ngazi, isipokuwa Jumatatu, maana Jumatatu alirudi kutoka kwake na bakuli alilofungiwa na Zuhura, pweza wa nazi, na mkate wa kumimina juu yake. Alikuwa akiniachia mikia ya pweza kwa sababu aliniona naipenda. "Kula, dada Rehema," alikuwa akisema, "mwenzio huko nyumbani nalishwa mpaka naogopa."

Ndani ya mwezi mmoja alitengeneza kile alichokiita makro. Mimi neno lile lilinichekesha. Alinieleza kuwa ni mfululizo wa amri unaoufunga pamoja na kuupa vitufe viwili, kama kumtuma mtu sokoni na orodha badala ya kumtuma mara kumi. Unabonyeza, inakuuliza jina, unaliandika. Mashine inafungua faili la kwanza, inalitafuta, inafunga, inafungua la pili, mpaka majalada yote yamekwisha. Likipatikana inasimama ukurasani. Lisipopatikana, inaandika katikati ya skrini ya buluu: JINA HALIPO. Mratibu aliamuru yaandikwe majina mawili, la mtu na la ukoo, kwa sababu akina Somoe na akina Hadija ni wengi na hakutaka kupoteza muda. Siku ya kwanza tulijaribu majina sita na yote yakapatikana. Mratibu alisimama nyuma yetu amekunja mikono. "Mashine haisahau," alisema. "Anayesahau ni binadamu."

Bi Somoe Mtalika alikuja siku ya Jumanne na kanga mbili kuukuu na mfuko wa mabibo yaliyokaushwa, ametoka Rutamba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akakaa kwenye benchi bila kuegemea. Hakuwa na maneno mengi. Shamba lake na marehemu mumewe lilikuwa upande wa bonde, mikorosho ishirini na kitu, na mume alizikwa humo humo, pamoja na watoto wawili waliokufa wadogo. "Mikorosho imezeeka kama mimi, sina vita nayo," alisema. "Nataka pale walipolala pasipigwe trekta. Shahidi yupo, tulipakana naye, keshaniambia alinitaja." Shahidi mwenyewe alikuwa amekufa miezi miwili nyuma. Athumani akaandika jina. Tukasubiri, mashine ikikoroma faili moja baada ya jingine. JINA HALIPO. Akaandika tena. JINA HALIPO. Bi Somoe hakujua kusoma, akatuangalia usoni mmoja mmoja, na kwa nyuso zetu akajua.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijapata kulisema. Mimi nililikumbuka jina lile. Nilikumbuka mahali nilipolichapa, mwezi wa tatu, saa za asubuhi, kwa sababu lilinichekesha: shahidi alieleza kwamba jirani yake huyo aliwahi kuwakimbiza mbuzi wake kwa mchi mpaka kwenye mto, na mbuzi mmoja akavunjika mguu, wasisemeshane msimu mzima. Nilicheka peke yangu nikichapa. Na siku ile Bi Somoe amekaa pale, mbuzi wale wote walinipita kichwani, nami nikafunga mdomo. Nilijiambia labda ni Somoe mwingine. Nilijiambia kama lingekuwepo mashine ingeliona. Mratibu alikwisha sema anayesahau ni nani, na mimi nilikuwa mtu wa kuamini mwenye mamlaka kuliko kichwa changu. Leo wajukuu zangu wakibishana na simu zao nawaacha wabishane.

Athumani yeye alimwamini mama yule. Alimwambia, "Bibi, nipe siku chache, kamati inakaa Alhamisi ya wiki ya pili, kabla ya hapo nitakuwa nimelipata." Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Alianza na makro yenyewe. Aliinakili yote kwenye daftari la shule, amri moja kila mstari, akawa ananisomea mimi natia alama: fungua faili, nenda juu kabisa, tafuta, ukikosa funga, fungua linalofuata. Haikuwa na kasoro. Akachapa faili dogo la majaribio kwa mkono wake, akaweka ndani yake "Somoe Mtalika" mara tano, makro ikayapata yote matano. Akairudisha kwenye majalada yangu, JINA HALIPO. Halafu akajaribu majina mengine kutoka kwa watu waliokuwa wakilalamika ngazini, na hapo ndipo alipochanganyikiwa, maana mengine yalipatikana na mengine hapana, bila mpango wowote. Mtu anapatikana ukurasa wa nne, jirani yake wa ukurasa huo huo haonekani.

Alishuku herufi kubwa na ndogo, haikuwa hivyo. Alishuku diski zimeingia unyevu, akazikopi upya zote. Alishuku joto, akaigeuzia mashine feni sisi tukatokwa jasho. Alishuku virusi, akampigia rafiki yake wa Dar es Salaam simu ambayo Mratibu aliilalamikia siku nzima. Aliandika makro upya mara tatu. Jumatatu bakuli la Zuhura lilibaki limefungwa mpaka saa tisa, nikalifungua mwenyewe, nikamwambia pweza anaganda. Alikula vipande viwili, akaniuliza, macho yake yakiwa kwenye skrini, "Dada Rehema, huko kwako asubuhi hakuna kitu unachokiweka katikati ya maneno? Alama yoyote?" Nikamjibu, "Mimi? Mimi nachapa kama nilivyofundishwa." Na Mungu ni shahidi, hapo sikudanganya. Akatikisa kichwa akaomba radhi, kana kwamba amenivunjia heshima. Hakuuliza tena, na kazi yangu hakuitilia shaka tena.

Mwishowe alikwenda kwa Mratibu akaomba majalada yote yatolewe kwenye printa, wasomaji wagawane. Niliyasikia yote kupitia ukuta. "Wageni wa Dar es Salaam nimewaambia tuna mashine inayotafuta yenyewe," Mratibu alisema. "Leo nikawaambie tumerudi kusoma kwa vidole? Tatizo si mashine, kijana. Tatizo ni hiyo makro yako." Basi tukaanza kusoma kwenye skrini, mimi na yeye, kwa zamu, macho yanatoka maji. Hadi Jumatano jioni tulikuwa tumemaliza majalada matatu. Jina lilikuwa kwenye la nne. Na mimi, niliyejua kwamba kuna mbuzi mahali fulani, sikuwahi kufikiri kwamba mashine inaweza kutafuta mbuzi. Nilidhani inatafuta majina tu, kwa kuwa majina ndiyo niliyoyaona ikitafuta. Ningemwambia Athumani habari ya mbuzi ingekuwa kazi ya dakika tano.

Kamati ilikaa. Bi Somoe aliitwa, akaulizwa kama ana shahidi aliye hai, akasema hana. Mwenyekiti akamgeukia Athumani, naye akasimama na daftari lake akasema, "Naomba jina hili lisifungwe. Makro yangu ina kosa, sijaliona bado, lakini kosa lipo." Alisema hivyo mbele ya watu wote, kwamba kosa ni lake. Wakaandika. Jina likafungwa, na siku ya pili yake Mratibu akamwita ndani akamwambia mradi hauwezi kumlipa mtu anayekiri mwenyewe kuwa kazi yake haiaminiki. Alitoka na mfuko wake mdogo. Daftari aliniachia. "Huenda wewe ukaliona, dada," alisema. Nilimsindikiza hadi chini, kwenye duka la mitumba, tukaagana kwa mkono kama watu waliokutana safarini.

Siku kumi baadaye nilikuwa nalipekua daftari lile, nikaona mahali ameandika jinsi ya kutafuta neno lolote bila makro. Nikaandika "mbuzi". Mashine ikasimama jalada la nne, na mbuzi walikuwa pale, na mchi, na mto. Mstari uliishia na neno Somoe. Mstari wa chini yake ulianza na Mtalika. Nikayatazama majina yale muda mrefu. Katika ukurasa uliofuata wa daftari Athumani alikuwa ameandika vitufe vya kuzionyesha alama zinazojificha, akaweka mbele yake alama ya kuuliza. Nikavibonyeza. Skrini ikagawanyika, na chini yake nikaona, mwisho wa kila mstari wangu, kila mstari, majalada yote matano, ile alama ya enta niliyoigonga kwa mkono wangu. Makro ilikuwa inatafuta majina mawili yaliyotenganishwa na nafasi. Pale mstari ulipokatika katikati ya majina, badala ya nafasi palikuwa na enta yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na changu kilikuwa kwenye kidole.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilikimbia. Nilikwenda, lakini kwa mwendo wa mtu anayepanga maneno. Nilipofika mlangoni kwa Mratibu nilikuwa nimeshaamua kusema nusu. Nikamwambia jina la Bi Somoe limepatikana, nikamwekea ukurasa mezani. Hakuuliza limepatikanaje. "Ramani imeshasainiwa, Rehema," alisema. "Imeshapelekwa. Usinifungulie kaburi." Nikarudi kwenye kiti changu. Majuma matatu yaliyofuata nilikuja mapema kila asubuhi nikaziondoa enta zangu moja moja, jalada la kwanza hadi la tano, na makro ya Athumani, ile ile, bila kubadilishwa hata nukta, ikaanza kuyapata majina yote. Walionufaika ni wa vijiji ambavyo ramani zake zilikuwa bado kusainiwa. Mratibu alifurahi. Aliwaambia wageni, nami nikisikia kupitia ukuta, kwamba kumbe dawa ilikuwa ni kumwondoa yule kijana tu. Nami niliendelea kuchapa. Majuto ni mjukuu. Mimi wangu nimemlea nyumbani, amekuwa mtu mzima.

Shamba lilisafishwa kiangazi kilichofuata. Nilisikia kwa mtu wa Rutamba kwamba Bi Somoe alikuwa akienda siku ya Idi kumwomba mlinzi amfungulie apite akasome fatiha mahali anapokadiria, kwa sababu hapakuwa na mti wa kumwonyesha tena. Mlinzi mmoja alikuwa anamfungulia, mwingine hapana. Alikufa kabla ya mwekezaji mwenyewe kushindwa na kuondoka. Athumani nilikutana naye mara moja tu, stendi ya Kivinje, miaka mingi baadaye, mimi naelekea mji wa Masoko kwenye harusi. Alikuwa na redio mbili kwapani. Tukasalimiana, tukaulizana watoto. Gari lilipopiga honi akaniuliza, haraka haraka, kama mtu anayeona haya, "Ile makro, mliiacha?" Ilikuwa nafasi yangu. Nikamjibu, "Tuliiacha." Na tuliitumia mpaka mradi ulipofungwa.

Wiki iliyopita nilikwenda Kivinje kumpa pole Zuhura. Yumo edani, chumba cha nyuma, amevaa nyeupe, na wanawake wawili wa mtaani walikuwa wakimenya vitunguu barazani. Nilimkuta amezeeka vizuri kuliko mimi. Alinikumbuka. Alisema, "Wewe ndiye uliyekuwa ukipenda mikia ya pweza." Akanisimulia kwamba mumewe hakuigusa kompyuta tena maisha yake yote. Mtoto wao wa kiume alipoleta moja nyumbani, baba alisogeza kiti akakaa upande wa pili. Alisema yeye aliwahi kuandika kitu kikamnyang'anya mama mmoja kaburi la mumewe na wanawe, na mtu wa namna hiyo aachie wengine. Kila Ijumaa alimtaja Bi Somoe katika dua zake. Alipoanza kuugua alimtuma Zuhura hadi Rutamba kuwatafuta ndugu wa yule mama awaombe radhi kwa niaba yake, na Zuhura akaenda, na ndugu wakasema wamesamehe.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mbuzi, enta, ukurasa, stendi. Nilisema taratibu ili nisiruke kitu. Wanawake wa barazani waliacha kumenya. Zuhura alinisikiliza ameshika ukingo wa kanga yake, na nilipomaliza hakulia wala hakunifukuza, na ningeshukuru kwa lolote kati ya hayo mawili. Alinitazama mikono.

"Mpaka wiki ya mwisho alikuwa akiniuliza," alisema. "Usiku, maumivu yakimshika, ananiuliza, Zuhura, hivi nilikosea wapi? Mimi nitajua wapi, mimi sikusoma. Leo umekuja umeniambia." Akauachia ukingo wa kanga. "Sasa mimi nimwambie nani?"